Vijumba Vinne vya Mwisho

Mgeni alifika saa nane mchana, saa ambayo mji mzima wa Apalit hulala na hata mbwa wa kanisani hawabweki. Alibisha mlango mara tatu, akanyamaza, kisha akabisha mara moja.

Kalamu ya Anselma ikasimama katikati ya nota. Tatu, kimya, moja. Ni mtu mmoja tu aliyebisha hivyo katika nyumba ile. Ndivyo alivyogonga mgongo wa kiti kabla bendi haijaanza wimbo, kwa miaka thelathini na miwili, kwenye kumbi za dansi za Manila, kwenye meli za Shanghai, kwenye misiba ya watu wa mtoni. Mtu huyo alikuwa baba yake, Maestro Hilarion Guanlao, na leo ilikuwa siku ya arobaini tangu afe.

Dara Bibiana, shangazi yake, akatokeza kichwa jikoni, mwiko mkononi, uso umelowa mvuke wa wali wa tui.

"Umesikia, Dara?"

"Nimesikia. Usifungue."

"Ni mchana kweupe."

"Kwani wafu wana saa?" Dara Bibiana akafanya ishara ya msalaba kwa mwiko. "Leo ndiyo siku yake ya kuondoka. Anayebisha leo hajaja kuuza samaki."

Anselma akafungua.

Kizingitini alisimama kijana mrefu, suti yake nyepesi imelowa, mkoba wa tarumbeta kaukumbatia kama mtoto mgonjwa. Mvua ilikuwa imekatika muda mrefu, lakini yeye bado alichuruzika. Akavua kofia.

"Samahani, dada. Hapa ni kwa Maestro Guanlao?"

"Ndipo."

"Naitwa Aurelio Yumul. Nimetoka Hong Kong. Maestro ameniita."

 Jina lile Anselma alilijua. Alikuwa ameliandika juu ya bahasha arobaini na moja kwa mkono wake mwenyewe, ila si kwa jina lake mwenyewe. Miaka miwili alimjua mtu huyu kuliko alivyomjua binadamu yeyote aliye hai, na hakuwahi kuuona uso wake. Sasa uso ulikuwa pale, macho mapole yamechoka, kovu dogo la mpiga tarumbeta katikati ya mdomo wa juu. Akamtazama sekunde moja zaidi ya inavyostahili kumtazama mgeni.

"Baba amefariki," akasema. "Leo ni siku yake ya arobaini."

Kijana akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyedhani hakusikia vizuri. Kisha akaona vitambaa vyeupe vilivyofunika vioo, akaona nguo nyeusi ya Anselma, na rangi ikamtoka usoni.

"Arobaini? Haiwezekani, dada. Ameniandikia wiki tatu zilizopita."

* * *

Walimkaribisha ndani, maana mgeni wa siku ya arobaini harudishwi. Sakafu ya mbao ilikuwa na vumbi la siku zote hizo. Nyumba ya msiba haifagiwi mpaka marehemu aondoke, usije ukamfagia na yeye. Viatu vya Aurelio viliacha alama za maji juu ya vumbi, moja baada ya nyingine. Anselma aliziangalia ili asimwangalie mwenyewe. Ndipo alipoona alama za pili.

Zilikuwa kando ya zile za viatu, upande wa kushoto. Nyayo za miguu mitupu, pana, vidole vimetanuka. Zilipanda ngazi pamoja naye hatua kwa hatua, zikapita mlangoni, zikaishia mbele ya kiti cha Maestro kilichowekwa mezani na sahani yake tupu.

"Umekuja na nani?" Anselma akauliza.

"Peke yangu. Yaani, mpaka darajani nilikuwa na mzee mmoja. Mvua ilinikuta nikitoka stesheni, nikajikinga langoni kwa makaburi. Naye alikuwa amejikinga pale. Nilipomwambia ninakokwenda akasema, twende, ni njia yangu. Akanifundisha hata namna ya kubisha: tatu, unyamaze, moja. Alisema vinginevyo hamtafungua."

"Umetoka makaburini ukaja moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu?" Dara Bibiana aliweka mwiko chini. "Hukusimama hata dukani ununue kiberiti?"

"Mzee alisema nisisimame popote."

"Yesu na Maria! Mtoto wa miaka mitano hapa anajua: ukitoka makaburini pitia kwanza mahali, umwache huko aliyekufuata. Umelelewa wapi wewe?"

"Hong Kong, mama. Baba yangu alipiga besi huko."

"Inaonekana." Kisha sauti ya shangazi ikapungua. "Huyo mzee. Alivaaje?"

Aurelio akafikiri. "Shati jeupe la sherehe. Penseli sikioni. Njia nzima alikuwa akiimba puani, anapiga vidole viwili pajani. Nilimwonea huruma, maana matope yote yale, na hakuwa na viatu."

Jikoni wali ulianza kushika chini ya sufuria, harufu ikawafikia, lakini Dara Bibiana hakusogea.

"Mimi mwenyewe nilimvua viatu ndani ya jeneza," akasema hatimaye. "Tunawazika bila viatu, ili wakirudi tusisikie nyayo. Viko chini ya kitanda chake." Akamgeukia Anselma. "Na penseli?"

"Niliiweka mimi," Anselma akanong'ona.

* * *

Aurelio alitoa barua kutoka mfuko wa ndani wa koti, karibu na moyo. Bahasha ilikuwa kavu. Muhuri wa posta ya Apalit ulisomeka wazi: tisa Septemba. Maestro alikuwa amekufa tarehe ishirini Agosti.

Anselma aliipokea kwa mikono miwili. Alitarajia kuuona mwandiko aliouzoea, mwandiko wa Maestro kama alivyouiga yeye usiku na mchana, tangu kiharusi kilipomlaza baba upande wa kulia mwaka wa hamsini na tatu. Lakini huu haukuwa mkono wake. Herufi zilisimama wima, zimebanwa, kila koma kama kijiti. Huu ulikuwa mwandiko wa baba wa zamani, kabla ya kiharusi, mwandiko ambao mkono wake haukuuweza tena hata siku moja kabla hajafa.

*Aurelio, njoo siku ya arobaini. Wimbo wa mwisho hauna mwisho. Nakupa wewe vijumba vinne. Vipige wewe, usimpe mtu. Niahidi.*

Chini yake palikuwa na mistari mitano ya nota, na vijumba vinne. Hivyo ndivyo wanamuziki wa Apalit walivyoita nafasi zile baina ya mistari ya kusimama: vijumba, kwa kuwa nota hukaa humo kama watu ndani ya nyumba.



Kila mwanamuziki wa Luzon aliijua tabia ya Guanlao. Zamani kabla ya vita, bendi moja ya Manila ilimhonga mnakili wake, na nyimbo zake nne zikapigwa ukumbi wa ng'ambo ya barabara kabla hajazipiga yeye. Toka siku hiyo Maestro hakuandika tena vijumba vinne vya mwisho vya wimbo wowote. Alipanga sauti za ala kumi na sita mpaka mwisho kasoro hapo, kisha jioni ya dansi akapita nyuma ya viti, akamwimbia kila mtu sikioni namna ya kumalizia. Ukiiba karatasi zake, umeiba nyumba isiyo na paa. Hata baada ya kiharusi, Anselma alipokuwa ndiye anayepanga kila kitu kwa siri, vijumba vile vinne baba alivitoa mwenyewe, akiimba kwa nusu ya mdomo huku mate yakimtoka, naye anayafuta na kusikiliza.

Wimbo wa mwisho ulikuwa ule wa kale wa posa aliompigia mke wake chini ya dirisha. Anselma aliupanga miezi mitano. Baba alikufa kabla ya kumwimbia mwisho wake. Toka hapo alijaribu miisho kumi na minne, na yote ilikuwa uongo.

Sasa aliusoma ule ulioandikwa. Vijumba viwili tarumbeta inashuka polepole. Cha tatu kitupu kabisa, ala zote zimenyamaza. Cha nne nota moja.

Ulikuwa ndio wenyewe. Hakuna binadamu ambaye angeweza kuujua.

"Dada," Aurelio aliuliza taratibu, "mbona unalia?"

"Wali unaungua," alijibu, akakimbilia jikoni.

* * *

Ilipofika saa kumi, wanabendi walianza kuingia mmoja mmoja na ala zao, wakavua kofia mbele ya kile kiti. Waliruka nyayo zile za maji bila kuambiwa. Ajabu, za viatu zilikuwa zimekauka zamani, na zile za miguu mitupu bado zilimeta.

Dara Bibiana alimpa Aurelio kazi ya kukunja majani ya migomba huko nyuma, kwenye baraza inayotazama mto, ili akae mbali na mpwa wake. Kisha sukari ikamwishia, akatoka kwenda kuazima, na mpango wake ukaharibika.

"Hujui kukunja," Anselma alimwambia, akikaa upande wa pili wa kinu.

"Nifundishe."

"Kwanza upande wenye kung'aa uwe ndani. Halafu hivi. Halafu hivi."

"Maestro aliwahi kuniandikia kuhusu majani haya," Aurelio akasema, macho yake kwenye kazi. "Alisema jani likipashwa moto hutoa harufu ya siku ya sikukuu ambayo hujaalikwa. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi sana, dada. Niko Hong Kong, napiga muziki wa dansi ya mambo mpaka alfajiri kwa watu walevi, narudi chumbani, naisoma."

Anselma alikunja jani lake vibaya, akalikunjua.

"Mwanzoni tuliandikiana kuhusu muziki tu. Namna ya kuipandisha tarumbeta juu ya fidla bila kuziua. Namna ya kuwapa saksafoni pumzi. Halafu siku moja akaandika kwamba amekaa dirishani, nywele zinakauka juani, na hana wa kumweleza jinsi mto ulivyo." Alinyanyua macho. "Maestro alikuwa na nywele?"

Swali lilikuwa la utani, lakini macho yake hayakutania. Kule ndani, picha ya Maestro ilining'inia ukutani, kipara kinang'aa kama kifuniko cha sufuria.

Anselma akachukua jani jingine.

"Sikuja kwa sababu ya nota tu," Aurelio aliendelea, sauti imeshuka. "Nina miaka ishirini na minane. Meli iko Manila, inaondoka leo saa nne usiku. Jumatatu nakabidhiwa bendi yangu mwenyewe, hoteli kubwa, mkataba wa miaka miwili. Jina langu juu ya mlango. Nisipokuwa kwenye meli hiyo, kuna mtu mwingine ameshakaa anasubiri. Lakini nilijiambia, kwanza niende nikamwone yule anayeniandikia. Kama ni mzee, nitambusu mkono nirudi zangu. Kama si mzee..." Aliacha jani. "Niambie tu, dada. Nani aliandika zile barua?"

Ah, angejua alichokuwa akiomba! Maneno yalikuwa pale, yamejaa mdomo mzima kama maji. *Ni mimi. Ni mimi niliyekaa dirishani.* Lakini nyuma ya maneno hayo alisikia sauti nyingine, nzito, ya nusu ulimi, ya usiku ule baba alipomshika mkono.

"Selma. Watu kumi na sita wanakula kwa jina langu. Wenye ukumbi wakijua mkono ni wa binti, watavunja mkataba kabla sijapoa. Mpaka siku ya arobaini, mkono ni wangu. Mtu akikuuliza, usidanganye, nyamaza. Nikishatoka na mlango ukafungwa, mkono ni wako, useme unavyotaka. Niahidi."

Naye alimwahidi. Lilikuwa jambo dogo: kunyamaza siku arobaini. Zimebaki saa mbili.

Alimtazama Aurelio kwa macho yake yote, akijaribu kumwambia kwa macho. Kwenye kiti cha baba, sebuleni, mbao zikalia kama mtu aliyeketi vizuri zaidi ili asikie. Hapakuwa na mtu pale.

"Hata neno moja?" Aurelio aliuliza.

Akanyamaza. Machozi yalimdondokea juu ya jani la mgomba.

Hatua za Dara Bibiana zikasikika. Alisimama mlangoni na bakuli la sukari, akawaona wote wawili, akaelewa zaidi ya alivyotaka.

"Kijana," akasema, wala si kwa ukali. "Wapiga tarumbeta nawajua. Mmoja alinivisha pete mwaka wa ishirini na sita, akasema anakwenda Shanghai miezi mitatu. Bado namsubiri. Huyu mtoto hana baba sasa, ana mimi. Una treni ya saa kumi na mbili na dakika kumi, siyo? Kula, kisha uiwahi."

"Nilimwahidi Maestro nitapiga vijumba vinne."

"Ulimwahidi lini?"

"Nilipoisoma barua. Nilikuwa peke yangu chumbani. Nilisema kwa sauti: naahidi."

"Wimbo utapigwa kengele ya saa kumi na mbili ikilia, baada ya rozari. Ukiupiga, treni hupati. Basi chagua."

* * *

Bapa Gorio, mjomba wa bendi nzima na mpiga tarumbeta wa kwanza, alikuwa mnene, mcheshi, na rafiki wa Maestro tangu utotoni. Wakati wa vita walizika saksafoni zote pamoja chini ya lundo la makapi ya mpunga. Robo saa kabla ya kengele Aurelio alimpelekea ile karatasi.

"Bapa, nakuomba unipigie hii. Ni mwisho wa wimbo."

Bapa Gorio aliisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee. Tabasamu likamwisha.

"Nani kaandika?"

"Yeye."

"Lini?"

Aurelio akamwonyesha muhuri. Mzee alimrudishia karatasi haraka kama imeshika moto.

"Mwanangu, nimepiga kwa majambazi, nimepiga kwa maaskofu, nimepiga kwa mwanajeshi aliyenishikia bastola akitaka wimbo ambao siujui. Lakini nota aliyoiandika mtu baada ya kuzikwa? Midomo yangu inakataa. Na mbona hapa amesema usimpe mtu? Huyo namjua mimi. Akisema fulani apige, apige fulani."

"Nina treni, Bapa."

"Basi nenda. Tutaishia pale alipoishia. Wimbo hautakuwa wa kwanza kukosa mwisho."

Aurelio aliiweka barua mezani kando ya sahani tupu. Akambusu Dara Bibiana mkono. Mbele ya Anselma alisimama kwa muda mrefu, kofia mkononi.

"Huenda nilikosea," akasema. "Huenda niliyempenda alikuwa mzee kweli, na amekufa. Basi nitamlilia kama wanavyoliliwa wazee. Kwaheri, dada."

Akasubiri. Anselma angeweza kumwita kwa neno moja. Kucha zake zilimwingia viganjani. Akainamisha kichwa kumuaga, kwa heshima, kama binti yeyote anavyomuaga mgeni wa msiba, na Aurelio akashuka ngazi.

Alisikia lango la uani likifungwa. Hakulia. Alikwenda akakaa mahali pake nyuma ya bendi, na rozari ikaanza.

* * *

Kengele ilipolia walifungua mlango wa mbele, mabawa yake yote mawili, na kila mtu akajibana ukutani kuacha njia katikati. Hakuna aliyesimama kati ya kiti na mlango. Nje jua lilikuwa limeiva, mwanga wa rangi ya wali wa manjano ukaingia mpaka kitini.

Hapakuwa na mtu wa kuwaongoza, wala hawakutaka. Waliingia kwa pumzi moja.

Lo, wimbo ule! Fidla zilianza kama mtu anayechungulia. Saksafoni zikafuata, zimepewa pumzi kila mahali, maana aliyezipanga aliwaonea huruma. Bapa Gorio alipiga macho yamefumba. Jirani mmoja alinong'ona, "Huyu Maestro, hata mgonjwa alikuwa hatari," na Anselma aliyasikia maneno hayo, akayameza kama alivyoyameza mengine kwa miaka miwili. Kila sauti iliyosikika pale aliitoa yeye kichwani mwake, mchana kama huu, mezani pale. Na mtu pekee ambaye angesikia na kujua alikuwa njiani kwenda stesheni.

Wimbo ukapanda, ukafika kileleni, ukafika ukingoni. Ala zote zikakata kwa pamoja.

Kimya.

Hewa ya chumbani ikapoa ghafla. Mshumaa mbele ya kiti uliinama kuelekea mlangoni, ukabaki umeinama. Bapa Gorio alitazama karatasi yake, pale palipokuwa patupu, jasho likimtiririka. Mbao za kiti zikalia. Hakuna mtu aliyethubutu kuvuta pumzi, na Anselma alijua, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba baba yake amesimama mbele ya kile kiti, na hawezi kuondoka.

Ndipo, kutoka uani, ikaja tarumbeta.

Ilishuka kijumba cha kwanza, ikashuka cha pili, polepole, na ilitetemeka kidogo kama mtu aliyekimbia. Hakuwa na karatasi, alikuwa amevikariri. Ikanyamaza kijumba kizima. Katika kimya hicho, kutoka stesheni, treni ikapiga filimbi ndefu, mara moja, na magurudumu yakaanza kusaga chuma. Tarumbeta haikuharakisha. Ilihesabu kimya chake chote mpaka kilipotimia.

Halafu nota moja.

Mshumaa ukasimama wima. Joto la jioni likarudi chumbani. Dara Bibiana alikuwa wa kwanza kutazama chini, akamshika Anselma mkono bila kusema. Juu ya vumbi, toka kitini mpaka kizingitini, kulikuwa na alama mpya za miguu mitupu. Zilielekea nje.

Anselma alizifuata kwa kando, bila kuzikanyaga, mpaka ngazini. Chini alisimama Aurelio, tope mpaka magotini, tarumbeta mkononi. Mbali nyuma yake moshi wa treni ulikuwa ukinyooka kuelekea Manila, kwenye meli, kwenye jina lililoandikwa juu ya mlango.

"Imeondoka," akasema.

Anselma aliitikia kwa kichwa kwamba ameona.

"Nilifika mpaka stesheni. Mguu mmoja ulikuwa juu ya treni, dada. Lakini nilimwahidi." Alipangusa uso kwa mkono wa koti. "Sikuombi kitu. Nilimwahidi tu, basi."

Mlango ulikuwa bado wazi. Anselma alibana midomo kwa nguvu mpaka ikauma. Alishuka ngazi moja, ya pili, ya tatu, akasimama mbele yake, karibu kiasi cha kuona lile kovu dogo likitetemeka, na hakusema kitu. Nyuma yake Dara Bibiana alivuta bawa la kwanza la mlango, kisha la pili. Aliyavuta polepole, kama anayemfungia mtu aliyelala.

Komeo likagonga.

Anselma akafungua kinywa.